Amana ya Miezi Sita na Bandari ya Lothal

Mwenye nyumba wangu hapa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India, alinitajia kwa simu amana ya miezi miwili, lakini nilipofika mlangoni na kuniona uso, ikawa miezi sita, kwa sababu, alisema, wao hawawajui watu wa kwetu. Wenye nyumba wa Sinza, Dar es Salaam, wana yao, lakini hawakuwahi kunipandishia bei kwa kunitazama. Wewe unayejiandaa kuja kusoma Gujarat, pata mkataba wa chumba kwa maandishi kabla hujafunga sanduku.

Neno lile la kutojulikana lilinikaa rohoni, hata Jumapili nikaenda kwenye magofu ya Lothal, mwendo wa kilomita 80 hivi. Huko ndiko mwanaakiolojia S. R. Rao alikofukua, kuanzia mwaka 1955, mji wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, pamoja na beseni la matofali ya kuchoma lenye urefu unaozidi mita 210, ambalo yeye alisema lilikuwa gati la meli. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba lilikuwa bwawa la maji tu. Lakini pale pale uliokotwa muhuri wa Ghuba ya Uajemi na mawe ya nanga, nami sioni bwawa la maji linalohitaji nanga. Kulikuwa pia na karakana ya shanga za akiki, na akiki ya Gujarat, karne nyingi baadaye, ndiyo inayofukuliwa katika magofu ya pwani yetu. Hawatujui vipi?

Leo bahari imekimbia mbali na mto umejaa tope, ila wanakijiji bado humwomba Sikotar Mata, mungu wa kike anayelinda mabaharia. Bibi mmoja alinikaribisha chai, akaniita mwanangu, na huku rafiki yangu akitafsiri, akanisimulia habari za Harsiddhi, ambaye hekalu lake lilikuwa juu ya kilima cha Koyla, na kila chombo kilichopita mbele ya macho yake kilizama. Jagdu, tajiri wa Kachchh, huko huko Gujarat, wa karne ya 13, alipopotelewa na majahazi yake, alipanda kilimani kumsihi ashuke, na tangu hapo anaabudiwa chini, vyombo vikapita salama.

Nilipotoa rupia za chai, bibi alinifumba kiganja. Aliuliza tu kama kwetu bahari bado iko karibu. Nikamjibu kwamba inaonekana kutoka barazani kwa mama yangu, naye akageukia upande wa madhabahu, akafumbata mikono.