Ile hela tuma kwenye namba hii

Jana mama kanusurika. Alikuwa anasubiri fundi amtumie namba ya kulipia mabati, shilingi laki na nusu, ikaingia meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Saa ile ile! Matapeli hawamjui mama, wanarusha tu kwa kila namba mpaka wampate mwenye malipo yake. Kashajaza kiasi, jina limetokea, bado namba ya siri tu, ndipo akaniita jikoni: "Hivi fundi wetu anaitwa nani?" Mkono unamtetemeka. Jamani, jina likiwa geni, acheni hapo hapo, mpigieni mhusika kwa namba yake ya siku zote. Ile meseji nimeipeleka 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli hapa Tanzania. Leo namweleza shangazi, kumbe naye anayo tangu Jumatatu.