Macho kabla ya mikono

Miezi minne ya mwanzo ya kucheza besiboli nilikuwa nikipiga hewa. Nilitoka kwenye kriketi nikiamini kwamba aliyezoea gongo moja hawezi kushindwa na jingine, tena mabega ninayo. Hata hivyo kila Jumamosi, katika uwanja wa Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam, ule uliojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina la Koshien, nilirudi kuketi nikiwa nimezungusha gongo mara tatu bila hata kuugusa mpira. Siku hizi nawafundisha vijana kupiga, na ninaloandika hapa ndilo ambalo ningependa kuambiwa siku ya kwanza: kupiga huanza kwa kuchagua mpira, mikono hufuata baadaye.

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa, kama ule wa ligi kuu ya Marekani, humfikia mpigaji katika muda wa takriban sekunde 0.4, na kulizungusha gongo kwenyewe hula karibu sekunde 0.15 za muda huo. Kinachobaki ni robo ya sekunde ya kuuona mpira, kuutambua na kukata shauri. Vijana wetu hawarushi kwa kasi hiyo, lakini nao husimama karibu zaidi, hivyo nafasi ya kusitasita bado haipo. Kwenye kriketi nilikuwa nimezoea kuusoma mpira pale unapodunda. Besiboli haina mdundo huo, na kwa hiyo ni lazima usomwe ukiwa bado unatoka mkononi mwa mrushaji. Ndiyo maana sipendi kumwambia mtoto "angalia mpira" na kuishia hapo. Namwambia atulize macho kwenye kofia ya mrushaji, kisha mkono unapopanda ayahamishie kando ya kofia hiyo, mahali ambapo vidole vitauachia mpira.

Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406 (yaani alifanikiwa kupiga takriban mara nne katika kila kumi) akiichezea Boston Red Sox, alilieleza jambo hili kwa namna iliyonifungua macho. Aliligawa eneo la straiki, yaani lile lililo juu ya kituo cha nyumbani kati ya magoti na kifua cha mpigaji, katika nafasi 77 zenye ukubwa wa mpira, saba kwa upana na kumi na moja kwa kimo, akakadiria wastani ambao angeupata kwa kupiga mipira ya kila nafasi. Katikati alijipa .400, kwenye pembe ya chini upande wa nje alijipa .230. Mtu ni yuleyule, mikono ni ileile, lakini mpira aliouchagua unamfanya awe bingwa au mpigaji wa kawaida. Nilipolielewa hilo nilikumbuka mipira yote niliyokuwa nikiifukuzia usawa wa vifundo vya miguu, nikatambua kwamba mabega yangu hayakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo zoezi langu la kwanza halina gongo kabisa. Mpigaji anasimama mahali pake, mrushaji anarusha, naye anataja kwa sauti "straiki" kwa mpira unaopita ndani ya eneo hilo, au "boli" kwa unaopita nje yake, kabla mpira haujatua kwenye glavu ya mdakaji. Vijana wengi huliona la kitoto, lakini baada ya mipira mia mbili au mia tatu sauti zao zinaanza kutoka mapema zaidi, na hapo ndipo ninapowapa gongo. Zoezi jingine ni la vifuniko vya chupa kubwa za maji. Watoto wa Jamhuri ya Dominika hucheza navyo mitaani kwa mpini wa ufagio, na mchezo huo wanauita vitilla. Kifuniko kikirushwa hupinda na kushuka ghafla, na mpini ni mwembamba, hivyo jicho linalazimika kufanya kazi hadi mwisho. Ni zoezi lisilo na gharama yoyote, na mimi nalithamini kuliko vifaa vingi vinavyouzwa.

Mwili nao una zamu yake. Nguvu hutoka ardhini, ikapanda kwenye nyonga, ndipo mikono ikavutwa. Anayeanza kwa mikono huwa ameshaimaliza nguvu kabla mpira haujafika. Sadaharu Oh, aliyepiga mapigo 868 ya kuzunguka vituo vyote katika ligi ya Japani, alikuwa akiinua mguu wa mbele na kusimama kwa mguu mmoja akiusubiri mpira. Simshauri mtoto aige mtindo huo, ila ninamtaka ajifunze kusubiri kwake: uzito ubaki mguu wa nyuma hadi atakapoamua.

Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akirukia kila kitu, aliiacha mipira miwili ya kwanza ipite. Nilikuwa nikikitazama kisigino chake cha mbele: kiliinuka, kikatulia, kikarudi chini bila papara. Mpira wa tatu ulikuja katikati, usawa wa mapaja. Nyonga iligeuka kwanza, na gongo likatoa ule mlio mkavu ambao mkono wa mpigaji hausikii mtetemo wowote.