Kalenda ya mwezi na mwanga wa visiwani

Mtu anayetaka kupiga picha za mandhari katika visiwa vyetu hana budi kujua leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame, kabla hajauliza jua linachomoza saa ngapi. Wavuvi wa Pemba, na kina mama wanaokwenda pwani kwa ajili ya pweza, chaza na mwani, wanaipanga wiki yao kwa hesabu hiyo. Mimi ni mpiga picha wa kujifurahisha tu. Kazi inayonilisha ni nyingine, na kamera hutoka siku za mapumziko. Kwa kuwa siku hizo ni chache, hesabu ya mwezi ndiyo inayoniamulia kama nielekee pwani, mikokoni au msituni.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hufika takribani mita 4. Bamvua ina tabia moja ambayo vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa katika nchi nyingine haviwezi kumweleza Mzanzibari: saa zake hazibadiliki sana. Maji hujaa mnamo saa kumi za alasiri na saa kumi za usiku, na hupwa mnamo saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba pale pwani inapokauka kabisa, mchanga ukaenea hadi karibu na mwamba na madimbwi yakabaki yanang'aa, jua limeshapanda juu, vivuli vimefupika na rangi zimepauka. Anayengojea kupwa kukubwa kukutane na jua la alfajiri atangoja maisha yake yote, kwa sababu katika pwani hizi mambo hayo mawili hayakutani.

Njia ya kutoka hapo ni kurudi nyuma siku chache. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo siku tatu au nne kabla ya bamvua, yaani mwezi 11 au 12, na tena mwezi 26 au 27, maji hupwa mnamo saa moja na nusu au saa mbili za asubuhi. Hayatoki mbali kama siku za bamvua yenyewe, lakini hutoka vya kutosha, na jua linapochomoza huyakuta yanaondoka, mchanga umeloa na mawimbi madogo yameacha mistari yake. Hizo ndizo siku zangu za Vumawimbi.

Vumawimbi ni ufukwe ulio upande wa mashariki wa rasi ya Kigomasha, kaskazini kabisa mwa Pemba, na barabara ya kwendea huko inapita katikati ya msitu wa Ngezi. Hulala Konde kwa jamaa ili nifike kabla ya mapambazuko. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Ule mwanga laini wa dhahabu ambao katika nchi za mbali hudumu kwa muda mrefu, hapa hukimbia upesi. Anayefika jua likiwa limekwishatoka, akaanza kutafuta mahali pa kusimama, anaupoteza wote. Mimi huchagua mahali gizani, nikasimamisha tripodi na kuizamisha miguu yake ndani ya mchanga mpaka igote, kwa sababu maji yanayorudi huchimba chini ya miguu na picha ya sekunde mbili au tatu huharibika bila mtu kuona kwa macho. Jioni mambo hugeuka: jua huzama upande wa pili wa rasi, kwenye fukwe za Panga ya Watoro, na mtu mwenye nguvu za miguu anaweza kuyapata yote mawili kwa siku moja.

Siku za bamvua zenyewe sizipotezi. Asubuhi ni za wakulima wa mwani, ambao hushuka maji yakikauka ili kufunga na kuvuna kwenye kamba na vigingi vyao. Jua ni kali saa hiyo, lakini mistari ya vigingi juu ya maji ya kijani kibichi huubeba ukali huo vizuri kuliko mandhari nyingine yoyote ya pwani. Hapo adabu hutangulia kamera. Nilimsalimu bibi mmoja, "Shikamoo, bibi, naomba ruhusa ya kupiga picha," naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Mimi usinipige, piga hivyo vigingi." Nilipiga vigingi. Inaniumiza kuona picha za kina mama hawa zikiwa zimepigwa kwa siri kutoka mbali, kana kwamba ni sehemu ya mandhari tu, hali wako kazini na wana haki ya kukataa.

Alasiri ya bamvua, nikiwa Unguja, huenda Pete. Ujia wa mbao unaopita juu ya mikoko uko karibu na lango la Jozani, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Wageni wengi huupitia asubuhi, wakakuta matope na kaa. Lakini mnamo saa tisa na saa kumi alasiri za siku ya bamvua, mizizi ya mikoko huwa imesimama ndani ya maji tulivu, na kila tao la mzizi hukamilishwa na kivuli chake majini likawa duara. Kichujio kinachokata mng'ao, ambacho wapiga picha wengi hukifunga kwenye lenzi na kukisahau, hapa hufuta kivuli hicho pamoja na mng'ao. Ni afadhali kukitoa, au kukizungusha taratibu mpaka kivuli kirudi.

Ngezi ndiko ninakokupenda zaidi, na huko mwezi haunihusu. Ninachokiangalia ni mawingu. Msitu huu ni mabaki ya misitu iliyokuwa imefunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya kufyekwa kwa ajili ya mikarafuu katika karne ya 19. Siku ya jua kali msitu haupigiki: miale inayopenya majani huacha madoa meupe sakafuni, na kando yake giza tupu, na hakuna kamera inayoweza kuyashika yote mawili kwa pamoja. Siku ya mawingu, hasa mara baada ya mvua, mwanga husambaa sawasawa, magome hukoza na kijani hupata ngazi zake zote, kuanzia ile ya kandokando ya njia hadi ile nzito ya mimea iliyoota juu ya matawi. Ndiyo maana hufurahi vuli inapoanza, wakati ambapo wenzangu wengi hufungia kamera kabatini. Mvua ina gharama zake, kwani unyevu huingia ndani ya lenzi, kwa hiyo natembea na mfuko usiopenya maji na kitambaa kikavu, na sibadilishi lenzi nikiwa njiani.

Katika msitu tatizo la pili ni wingi. Jicho hupendezwa na kila kitu, kisha picha ikaonyesha fujo ya matawi. Mimi hutafuta shina moja lenye umbo, au pengo moja ambalo mwanga unaingilia, na vingine vyote nikaviacha vilitumikie hilo. Kasi ya shata huiweka ndogo kwa sababu ya kiza, na upepo wa kusi ukivuma vileleni husubiri utulie.

Usiku wa Ngezi una bundi mdogo wa Pemba, ndege asiyepatikana mahali pengine duniani. Sauti yake husikika, na mtembeza wageni hodari anaweza kumwonyesha mtu tawi alilotua. Mimi simpigii mwali wa kamera. Mnyama anayewinda gizani anatumia macho yale yale ambayo mwali huo unayapofusha kwa muda, na picha yoyote itakayopatikana kwa njia hiyo haina thamani kwangu.

Huko Jozani kima punju hawana haya na watu, na hapo ndipo watu husahau mipaka. Ni wanyama wa Unguja tu kwa asili yao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800. Uso wao ni mweusi na umezungukwa na manyoya meupe, kwa hiyo kamera ikiachwa ipime mwanga yenyewe huufanya uso kuwa shimo jeusi au manyoya kuwa doa jeupe. Mimi hupima kwenye mgongo wao wa kahawia-nyekundu, wakiwa kivulini, nikiwa umbali wa mita kadhaa na lenzi ndefu. Anayewafuata hadi karibu ili apige kwa simu huwaambukiza mafua yetu na kuwazoesha hatari ya barabara iliyo hatua chache kutoka hapo.

Kidike, katikati ya Pemba, ni ya popo. Popo hawa wakubwa wa Pemba, ambao mabawa yao yakitandazwa hufika mita moja na nusu na zaidi, walikuwa karibu kutoweka katika miaka ya 1990 kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa miti, na wameongezeka tena kwa sababu vijiji viliamua kuwalinda. Mchana wananing'inia juu sana, mbingu nyeupe ikiwa nyuma yao, na picha hutoka nyeusi isipoongezwa mwanga hatua moja au mbili. Mimi hungojea saa za alasiri, jua linapoingia kwa ubavu na kuyawasha manyoya yao ya rangi ya machungwa, na bawa lililo wazi likapenywa na mwanga hadi mishipa yake ikaonekana. Kiingilio wanachotoza wanakijiji hukilipa kwa moyo mkunjufu, na kila aniulizaye aanzie wapi Pemba humwelekeza Kidike kwanza, alasiri, akiwa na lenzi ndefu kuliko zote alizonazo.