Pamanganeti yangu ililiwa na tope

Jumatatu alfajiri nilikuta perege wamejazana pale maji yanapoingilia bwawani, midomo juu, wanatweta. Bwawa lenyewe liko Kiromo, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo: mita 10 kwa 8, kina mita 1. Chakula cha jana yake kilikuwa bado kinaelea.

Nikamchota mmoja, nikamfunua shavu. Sisi wa pwani samaki mzima tunamjua kwa wekundu wa matamvua. Haya yalikuwa yamepauka, yamevimba, yamefunikwa utelezi mzito kama uji wa muhogo, nyuzi zimegandana.

Jirani akasema niwachanganyie kapsuli za tetrasaiklini kwenye pumba. Haya, samaki asiyekula utampaje dawa kwenye chakula? Tena ugonjwa huu ni wa bakteria, jamii ya Flavobacterium, na hukaa juu ya matamvua. Dawa wafuatwe nayo majini.

Nikanunua pamanganeti, zile chenga za zambarau za kuulia vijidudu majini. Gramu 2 kwa kila mita ya ujazo, jumla gramu 160, nikazipima kwenye mizani ya muuza viungo. Nikayeyusha ndooni, nikamwagia bwawa zima. Maji yakawa kama juisi ya rozela, nikafurahi. Nusu saa haijatimia, chai ya rangi! Kumbe kinyesi, pumba zilizooza na mwani huila dawa kabla haijamfikia bakteria. Wekundu ule ulitakiwa udumu saa 8 hadi 12.

Mzee aliyenichimbia bwawa akapita. "Mwanangu, hilo tope la chini umelitoa lini?"

Nikajifanya nafunga pampu.

Nikakata chakula, nikavuta maji ya chini theluthi nzima, nikaingiza ya kisima. Waliozidiwa niliwatia kwenye beseni la lita 100 na kilo 2 za chumvi ya Nunge, dakika 10, macho hayabanduki. Anayeanza kulala ubavu anatolewa hapo hapo. Safari hii nikajaribu kwanza kwenye ndoo: gramu 1 ya pamanganeti ndani ya lita 1, nikavuta mililita 20 kwa bomba la sindano, nikatia kwenye lita 10 za maji ya bwawa. Saa 1 asubuhi. Adhana ya alasiri ikanikuta bado nayatazama, mekundu. Ndipo nikarudia bwawani, siku ya nne.

Walikufa 61. Mzee alirudi Ijumaa, akawatazama wakigombea pumba, akauliza nilipanda vifaranga wangapi.

Nikasema 300. Walikuwa 900.