Jakamoyo kwenye foleni ya feri

Ilikuwa Jumatano, yapata saa kumi na mbili jioni, kivuko cha Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani. Geti lilikuwa limefunguliwa na umati umeshaanza kuteremka kuelekea kwenye feri, bega kwa bega, na mimi ndani yake. Simu ikalia mkobani. Kabla sijaitoa nilijua ni nani: mteja wangu wa Eldoret mwenye kontena mbili za vigae, ambazo siku zake za bure bandarini zilikuwa zinakwisha usiku ule. Sikupokea. Ikakatika, ikalia tena. Hapo vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi, ganzi ikapanda hadi midomoni, kifua kikabana kana kwamba mtu amenifunga leso akaikaza, na moyo ukaenda mbio hata nikausikia masikioni. Nikajiambia leo ndiyo siku yangu. Nikawaza watoto: nani atawafungulia mlango?

Mama mmoja muuza mchicha, sikuwahi kumwona kabla wala sijamwona tena, alinishika kiuno akanitoa kwenye umati, akapindua ndoo yake akaniketisha juu yake. Akalowesha pembe ya leso kwa maji ya chupa, akanipangusa uso na shingo. Hakuniuliza jina. Alisema tu, "Pumua, mwanangu. Feri ziko nyingi, hii si ya mwisho."

Kwa asiyeijua kazi yetu, mimi ni karani wa kliaringi. Mwenye mzigo yuko bara, mzigo uko bandarini Kilindini, na katikati niko mimi na makaratasi. Kontena likishashushwa melini linapewa siku chache za kukaa bure. Zikipita, bandari inatoza gharama ya kuhifadhi, na kampuni ya meli nayo inatoza demareji, yaani faini ya kuchelewesha kontena lake, tena kwa dola. Kwa hivyo kila faili mezani kwangu ni saa inayohesabu. Ukaguzi ukisogezwa hadi kesho, malipo ya ushuru yakichelewa kuingia, lori likiharibika Mariakani, saa haisimami. Na mwenye mzigo hampigii simu afisa wala dereva. Ananipigia mimi.

Kwa miaka kumi ya kwanza kazi hii niliipenda, na bado naipenda. Kilichobadilika ni idadi ya mikono. Reli mpya ya SGR ya kwenda Nairobi ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, mengi yakawa yanapandishwa treni moja kwa moja hadi Embakasi, na kazi ya kuyatoa ikahamia Nairobi pamoja nayo. Hapa mjini ofisi za kliaringi zilipungua watu, nyingine zikafunga milango kabisa. Kwetu tulikuwa tisa, tukabaki wanne. Septemba 2022 serikali mpya ilipotangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa, tulifurahi mno, na kweli mafaili yalirudi. Wale watano hawakurudi. Kila mmoja wetu akajikuta anabeba kazi za wawili, na hakuna aliyethubutu kulalamika, maana sote tuliyaona yale makabati ya wenzetu yalivyokuwa yakitolewa vitu na kutiwa kwenye boksi. Hofu ile haikutoka. Ilikaa ndani yangu ikijifanya bidii. Nilikuwa napokea simu chooni, kwenye hitima, mezani nikimlisha mtoto. Saa tisa za usiku naamka mwenyewe bila kengele, nalala mang'amung'amu hadi adhana ya alfajiri, nikipanga kichwani nani nitampigia kwanza.

Jioni ile kakangu alikuja kunichukua akanipeleka hospitali. Wakanipima moyo kwa ile mashine ya nyaya, wakanipima presha na sukari. Daktari, kijana tu, alikuja na karatasi yangu akavuta kiti. "Moyo wako mzima, mama," akasema. "Sasa niambie, walala saa ngapi kwa siku?" Nilitaka kujibu nikashindwa. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye akangoja.

Alinieleza kitu ambacho natamani ningekijua miaka mitatu nyuma. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini: moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, pumzi zinakuwa fupi na za harakaharaka. Hiyo ni kinga, imewekwa ili ukimbie au upigane. Ila mwili hautofautishi mbwa mkali na simu ya mteja. Ukipumua kwa haraka namna ile bila kukimbia popote, unatoa kaboni dioksidi kupita kiasi, na upungufu wake kwenye damu ndio unaoleta ganzi ya vidole na midomo na kizunguzungu. Wewe ukihisi ganzi unaona umekufa, unaogopa zaidi, unapumua haraka zaidi. Ni duara. Aliniambia pia, na mimi nakwambia wewe unayesoma: kifua kikibana usijiamulie mwenyewe kwamba ni wasiwasi tu. Nenda upimwe kwanza. Mimi nilipimwa, ndiyo maana leo naweza kuliita jambo hili kwa jina lake.

Jina lenyewe alinipa mama yangu. Nilipofika nyumbani Mtongwe alikuwa ameshafukiza ubani nyumba nzima, na kombe lilikuwa mezani, aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Nilikunywa. Sitalidharau kombe la mama yangu. Usiku ule nililala saa sita mfululizo, jambo ambalo lilikuwa limenipotea. Yeye kwanza aliona ni jicho la watu. Lakini nilipomsimulia yale ya daktari alinyamaza, kisha akasema, "Hilo ni jakamoyo. Bibi yako alikuwa nalo, babu yako alipokuwa baharini." Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu bibi afariki. Siku hizi twasema stresi, twasema msongo wa mawazo, na yote mawili ni sawa. Lakini jakamoyo lilinigusa kwa namna nyingine, kwa sababu lilinionyesha kwamba watu wa nyumba hii walishalijua kabla yangu, wakalipa jina, na wakaishi nalo. Bibi alikuwa akingoja jahazi. Mimi nangoja kontena.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona mshauri nasaha, mama wa makamo katika kliniki ya serikali. Kwenda kwenyewe kulinipa tabu. Hapa kwetu ukisema unamwona mtu wa mambo ya akili, jirani ataanza kukutazama upya, na atakayekuonea huruma zaidi ndiye atakayewasimulia wengine. Nilimwambia mume wangu peke yake. Nilitarajia kupewa mawaidha. Badala yake aliniuliza habari za kazi, kwa undani: mafaili mangapi, nani anafanya nini, simu inalia mara ngapi baada ya saa za kazi. Kisha akanieleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka hali hii ya kuchoka kupita kiasi kwa sababu ya kazi katika orodha yake ya magonjwa, lakini halikuiita ugonjwa. Liliiita hali inayotokana na kazi, pale msongo unapokuwa wa muda mrefu na haujashughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kukuishia, moyo kuiacha kazi yako hadi ukaanza kuichukia, na kujiona huwezi tena kuifanya vizuri.

Zote tatu zilikuwa zangu. Ila lililonituliza ni lile neno, inayotokana na kazi. Nilikuwa nimejishawishi kwamba mimi ni dhaifu, kwamba wenzangu wanaweza na mimi siwezi. Kumbe tulikuwa wanne tukifanya kazi ya tisa, na mwenzangu wa meza ya pili, baba mtu mzima, alikuja kuniambia mwenyewe kwamba huwa anakaa garini robo saa kila asubuhi kabla ya kupata nguvu za kuingia ofisini.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuomba likizo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12. Mimi nilikuwa sijachukua hata moja kwa miaka miwili. Niliingia kwa bosi nikiwa nimeiandika barua mara nne. Mikono ilikuwa ikitetemeka, nikaiweka chini ya meza. Bosi alisoma, akavua miwani, akasema, "Sasa hivi? Unajua tulivyo." Zamani hapo ningesema basi, nitangoja. Nikamwambia, "Najua tulivyo, bosi. Ndiyo maana nilianguka kivukoni." Hakuwa akijua. Alinipa siku kumi, na siku ya pili akaniita akasema mafaili ya bara yagawanywe. Bado hajaajiri mtu mwingine. Sitaki kuficha hilo: tungali wanne, na bila mtu wa tano haya yote ninayoyafanya yatakuwa ni kuziba ufa kwa kidole. Tumeandika barua ya pamoja. Twangoja.

Ninayoyafanya sasa ni machache. Mshauri alinifundisha kupumua: kuvuta hewa kwa hesabu ya nne, kuitoa polepole kwa hesabu ya sita au saba, tumbo likinyanyuka na si mabega. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hapo ndipo moyo unapopunguza kasi. Nilijaribu ofisini nikashindwa, kwani kila nikihesabu mtu ananiita. Nikajaribu kwenye feri na ikakubali. Hata sijui kama ni zile pumzi au ni upepo wa pale mlangoni mwa bahari, lakini tangu hapo feri imekuwa mahali pangu. Nikishateremka ule mteremko, simu naizima, kuizima kabisa, kisha naitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba na kuvuta zipu. Haifunguliwi hadi saa mbili usiku, baada ya isha, na hapo naitazama nusu saa tu. Wateja niliwaambia mmoja mmoja. Wawili walikasirika. Mmoja alihama. Nilidhani wangehama wote.

Na ninalo daftari, lile la kawaida la kurasa 96. Kila faili lina ukurasa, na kabla ya kutoka ofisini naandika sentensi moja: linangoja nini, na linamngoja nani. Linangoja kibali cha kampuni ya meli. Linangoja ukaguzi, saa tatu kesho. Linaningoja mimi, nilipe ushuru. Nilipofanya hivyo wiki ya kwanza niliona kwamba kati ya mafaili thelathini na moja, yaliyokuwa yakiningoja mimi usiku ule yalikuwa manne. Nilikuwa nikiamka saa tisa kwa ajili ya thelathini na moja.

Wasiwasi wenyewe haujaondoka. Kuna siku unakuja na sababu, na kuna siku unakuja bure. Jumapili jioni ndiyo mbaya zaidi, nikijua kesho ni Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo twavuka na watoto hadi Mama Ngina, twakaa chini ya mibuyu, wao wanakula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, mimi natembea hadi mwisho wa ukuta na kurudi. Na baada ya alfajiri nasoma ile dua ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, na uzito wa deni, na kushindwa na watu. Nimeisoma tangu madrasa bila kuitia maanani. Deni na watu wametajwa pamoja na wasiwasi, katika dua moja.

Wiki iliyopita, tena Jumatano, feri yetu ilizuiwa upande wa kisiwani, injini zinanguruma lakini hatuondoki. Meli ya makontena ilikuwa inaingia. Ilipita mbele yetu taratibu, ndefu kama mtaa, makontena yamepangwa juu yake mekundu, ya samawati, ya kijani, na kila mtu akanyamaza kama watu wanavyonyamaza kila chombo kikubwa kinapopita. Nililisoma ubavuni jina lake. Ilikuwa ndiyo yenyewe niliyokuwa nikiingoja. Ndani yake mlikuwa na kontena la yule yule mteja wa Eldoret, awamu hii mbao za milango. Moyo ulishtuka. Nikahesabu nne, nikahesabu saba. Meli ikapita, mawimbi yake yakaja yakaibembeza feri, mtoto mmoja akacheka, tukavuka.

Saa mbili nilifungua simu. Kulikuwa na ujumbe wake mmoja: meli imeingia? Nikamjibu, naam, nimeiona kwa macho yangu.