Vumbi la mbao Mafinga: bomba nene siyo dawa

Maranda ya msonobari yanayorundikana sakafuni ni kero. Kinachoumiza mapafu ni ule unga laini unaobaki hewani hata msumeno ukizimwa. Weka mdomo wa bomba la kunyonya vumbi palepale meno ya msumeno yanapotokea, siyo ukutani. Ndani ya bomba hewa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde. Bomba la kipenyo cha milimita 100 linahitaji takriban mita za ujazo 565 kwa saa. Ukipitisha hewa hiyohiyo kwenye la 150, kasi inashuka hadi karibu mita 9, unga unatua, bomba linaziba. Kisha feni inayovuta hewa inalaumiwa bure! Na kompresa ya kupulizia nguo, acheni kabisa. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagia.