Mafuta meupe kama tui

Nilipokuwa muuguzi wa watoto huko Marekani, kila jioni nilitundika mifuko miwili: mmoja wa sukari na protini, ulio manjano kwa sababu ya vitamini, na mwingine wa mafuta, mweupe kama tui la kwanza. Mtoto aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba kwa sababu umeoza au umejisokota hawezi kufyonza chakula cha kumkuza, hivyo hulishwa kupitia mrija ulioingizwa katika mshipa mkubwa karibu na moyo. Njia hiyo ilithibitishwa miaka ya 1960 na Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia.

Balaa ni kwamba lishe iliyowaokoa watoto ndiyo iliyowageuka. Baada ya wiki kadhaa macho yaliingia manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama udongo wa mfinyanzi, na wengine walifariki kwa ini kushindwa kazi huku utumbo umeanza kupata nafuu.

Katika hospitali ya watoto ya Boston, mfamasia Kathleen Gura na daktari wa upasuaji Mark Puder waliushuku ule mfuko mweupe, uliotengenezwa kwa mafuta ya soya yenye steroli za mimea, yaani kemikali za mimea zinazofanana na kolesteroli, zinazozuia nyongo kutoka kwenye ini. Walijaribu mfuko wa mafuta ya samaki badala ya soya kwa panya, kisha, kuanzia 2004, kwa watoto wachanga waliokuwa taabani, na manjano yakaanza kupungua. Idhini ya serikali ilikuja 2018. Hata hivyo, sidhani samaki anastahili sifa zote, kwa kuwa watoto hao walipewa gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ilhali soya ilizoeleka kufika gramu 3, na waliopunguza soya tu nao waliona nafuu kiasi.

Ini likisalimika, utumbo hupata muda wa kupanuka na kujifunza kazi upya, nao hauamshwi ila kwa chakula. Ndiyo maana tulimdondoshea mtoto maziwa ya mama kwa mrija hadi tumboni, mililita 1 kwa saa, kisha tukapima choo chake kwenye nepi. Kikizidi, tulirudi nyuma. Nakumbuka mmoja aliyefikisha mwaka bila kuonja kitu: tulipomgusisha kijiko cha uji mdomoni, alifumba midomo na kugeuzia uso ukutani.